Maswali yenu: Posta kwa baiskeli, Jumapili asubuhi

Toleo lililopita niligusia tu kwamba Jumapili huwa nachukua baiskeli nazunguka Posta, katikati ya jiji la Dar, mistari mitatu hivi, nikaendelea na mambo mengine. Maswali yaliyokuja baada ya hapo yamenishangaza, simu imejaa. Basi safu ya leo yote ni ya baiskeli. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo dada. Nafanya kazi Posta mwaka wa sita sasa, asubuhi nashuka basi la mwendokasi naingia ofisini, jioni napanda narudi Kimara. Juzi mgeni wangu kutoka Dodoma kaniuliza yule askari wa kwenye sanamu ni nani, nikabaki natabasamu tu. Nina baiskeli ya mtumba, naiendesha mtaani kwetu. Nataka Jumapili moja niuzunguke mji taratibu, sio mashindano. Nianzie wapi? (Msomaji, Kimara)

Marahaba mdogo wangu. Usione aibu, wanaofanya kazi Posta wengi ndo hivyo hivyo, mji wanauona dirishani tu.

Kwanza habari ya kufika. Kutoka Kimara kuendesha mpaka mjini ni mwendo mrefu, na kama hujazoea utafika umechoka kabla hata hujaanza. Mwambie mtu wa kirikuu au bajaji ya mizigo akushushie baiskeli mjini alfajiri, mkiwa wawili watatu mnachangia. Anzia Mnara wa Saa, pale Samora na Uhuru zinapokutana, saa kumi na mbili na nusu uwe umeshafika. Ukichelewa sana saa moja. Kufika saa tatu jua limeshaanza kuuma na magari ya wanaotoka ibada yameshajaa barabarani. Huo mnara wenyewe ni wa 1961, ulijengwa kuadhimisha mji wetu kupewa hadhi ya jiji, na kila siku unaupita bila kuutazama si ndio?

Hapo teremka upande wa bandari uishike Sokoine Drive. Utakapofika kona ya Morogoro Road, mkono wako wa kushoto, mbele ya boti za Zanzibar, kuna jengo la zamani la ghorofa lenye kuta nene, hilo ni Boma la Kale. Lilijengwa miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake hapa kando ya kijiji cha Mzizima. Shuka kwenye baiskeli. Ona ile milango ya kuchonga, halafu sogea ukutani pale lipu ilipobanduka uangalie kwa karibu kabisa, ni mawe ya matumbawe, utaona vijitundu vidogo vidogo vimejipanga mithili ya nyota, yaani hilo jiwe lilikuwa kitu hai baharini kabla halijawa nyumba ya mtu. Mimi nimepita pale miaka na miaka kwa daladala, hizo nyota nimekuja kuziona siku nilipoegesha baiskeli kwa sababu cheni ilichomoka.

Ukiendelea mbele kidogo unakuta Mtakatifu Yosefu, kanisa la Wakatoliki lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kati ya 1897 na 1902, lina mnara uliochongoka, halafu Azania Front la Walutheri ambalo ujenzi wake ulianza 1898, lenye vigae vyekundu. Jumapili watu wamejaa nje wamependeza, kwaya unaisikia mpaka barabarani, kwa hiyo pita unakokota, salimia, na usipige kengele. Sehemu zenye njia ya mwendokasi pia shuka utembee kando, nitalieleza hilo chini.

Kisha Kivukoni. Hapa ndo nakuomba usiwe na haraka kabisa. Mlango wa bandari yetu ni mwembamba sana, meli kubwa ikiingia inapita karibu mpaka unasoma jina lake ubavuni na unamwona baharia ameegemea chuma anakunywa chai, unaweza ukadhani inapita uani kwako. Feri kwenye soko la samaki usiingie na baiskeli, sakafu ina maji na magamba na wachukuzi wanakimbia na ndoo kichwani, utawaumiza watu. Mwachie muuza kahawa akuangalizie, kunywa kikombe chako na kashata, sikiliza mnada wa samaki, ndipo uendelee.

Ukiipita Ikulu weka simu mfukoni, kule hakupigwi picha, bandarini nako vivyo hivyo. Lakini masikio hayakatazwi, saa hizo tausi wanalia humo ndani sauti inavuka ukuta. Mbele ni Barack Obama Drive, wakubwa zako bado wanaiita Ocean Road, jina lilibadilishwa 2013 Obama alipokuja. Bahari kulia, mivinje, upepo, na kushoto kwako Hospitali ya Ocean Road ya 1897 ambapo daktari Robert Koch, yule aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, aliwahi kufanya kazi. Leo ni taasisi ya saratani, wapo watu ndani wanaumwa, punguza kelele.

Kuanzia hospitali kata kuingia ndani kwenye bustani ya mimea, Wajerumani waliianzisha 1893, humo kuna mnazi wa Shelisheli ambao sehemu chache sana duniani unauona nje ya kwao. Ukumbi wa Karimjee upo hapo jirani, Bunge lilikuwa linakaa pale. Halafu mtaa wa Shaaban Robert, na huo mtaa naupenda kwa jina lake tu, mshairi wetu kapewa mtaa wenye makumbusho. Makumbusho hayafunguliwi asubuhi sana kwa hiyo kama umefika mapema kaa kivulini usubiri, inafaa kusubiri, fuvu la Zinjanthropus, wa jamii ya binadamu wa kale, lililopatikana Olduvai 1959 ni la miaka milioni moja na laki saba na zaidi.

Sasa rudi na Samora mpaka kwa yule askari aliyekuaibisha mbele ya mgeni. Sanamu imewekwa na Waingereza 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Mjerumani, gavana von Wissmann, Waingereza walipouchukua mji 1916 wakaiondoa. Askari huyu ni Mwafrika, ameshika bunduki na singe imeelekea bandarini. Lakini usiishie kutazama juu, zunguka usome chini kwenye maandishi, kuna Kiingereza, kuna Kiarabu, na Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yanawakumbuka askari wa Kiafrika waliopigana vita ya 1914 mpaka 1918, na yanawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi ndo hao wa Carrier Corps, na kambi yao ndo iliyozaa jina Kariakoo. Walibeba chakula na risasi mabegani kutoka pwani mpaka bara, wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Bibi yangu alikuwa anasimulia babu yake alichukuliwa shambani kubeba mizigo ya vita, akaondoka na hakurudi, na mpaka leo hatujui amelala wapi. Pale kwenye sanamu hakuna jina la mtu hata mmoja. Kwa hiyo mimi nikifika hapo nashuka kwenye baiskeli hata kama nimeshapita mara mia, na mgeni wako akija tena utamjibu.

Kutoka pale mpaka Mnara wa Saa ni dakika chache. Mzunguko wote ni kama kilomita 6 au 7 hivi kwa hesabu yangu, mtu anaweza kuumaliza kwa nusu saa, mimi hunichukua saa tatu.

Shikamoo. Nina mtoto wa kiume miaka 11, anajua baiskeli vizuri lakini ya uwanjani. Tukija Dar likizo nimzungushe mjini au ni hatari? (Baba wa Morogoro)

Marahaba. Njoo naye, ila usimpeleke mzunguko wote niliouandika hapo juu. Mtoto wa umri huo anajua kuendesha lakini hajui kumsoma dereva. Mpeleke upande wa bahari tu, Obama Drive kwenye njia ya pembeni, na bustanini mkokote baiskeli mkitazama miti.

Mkiwa barabarani yeye mbele, wewe nyuma yake, na ukae kulia kidogo kuliko yeye ili gari likija likuone wewe mtu mzima kwanza. Kabla ya kutoka nyumbani mkubaliane neno moja tu la kusimama, ukilisema anakamata breki papo hapo bila kuuliza kwa nini, mfanyie mazoezi mara ishirini mpaka achoke. Kofia ngumu lazima, kamba iingie vidole viwili chini ya kidevu, sio inaning'inia.

Na milango ya magari! Hili nawaambia wote sio baba wa Morogoro peke yake. Mimi niliwahi kuanguka mtaa mmoja wa Kisutu, nimepita karibu sana na gari lililoegeshwa, mtu akafungua mlango bila kuangalia nyuma, nikaruka juu ya usukani. Mkono ulifungwa bendeji wiki sita. Tangu hapo gari lililoegeshwa naliacha mita nzima, na aliye nyuma yangu akipiga honi apige, atanipita mbele.

Mwanangu, nina miaka 66. Miaka ya 80 nilikuwa na Phoenix, nikitoka nayo Temeke mpaka bandarini kila siku ya kazi. Ipo stoo mpaka leo. Wanangu wanasema nimezeeka, goti nalo linanisumbua kidogo. Nimesoma habari zako nikatamani. Unasemaje? (Mzee wa Temeke)

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Goti kama linavimba au linakuamsha usiku, muone daktari kwanza. Kama ni maumivu ya kukaa muda mrefu na kupanda ngazi, baiskeli ya polepole kwenye tambarare mara nyingi hailiudhi goti, na Posta yote ni tambarare. Kinachoua magoti ni siti kukaa chini. Zamani wengi tuliishusha ili miguu iguse chini vizuri tukisimama, sasa ukikanyaga goti linakunjwa mno. Ipandishe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa mguu uwe umenyooka, halafu ukiweka sehemu ya mbele ya unyayo goti linabaki limepinda kidogo tu. Hapo utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Phoenix yenyewe usiipande hivi hivi. Mpira uliokaa stoo miaka unapasuka pasuka pembeni hata kama haujatembea, kwa hiyo tairi mbili mpya na tyubu zake, na zile raba za breki zimeshakuwa ngumu kama jiwe, badilisha zote nne. Fundi akaze njiti, atie grisi kwenye bearingi, basi. Hizo chuma za zamani zinadumu, ndo maana wauza madafu wa mjini mpaka leo hawazibadilishi.

Ukifika Kivukoni watafute. Kuna mmoja huwa namkuta asubuhi karibu na Posta ya Zamani, baiskeli yake ameisimamisha na gongo chini ya bomba, madafu yamepangwa nyuma mpaka usawa wa kichwa chake na kamba ya tairi imezungushwa mara tatu. Anachagua kwa kugonga na ukucha, anasikiliza, anauliza la maji au la nyama, panga linapita mara nne na la tano linafungua kijishimo sawasawa na mdomo. Maji hayamwagiki. Ukimaliza analipasua, anachonga kipande cha ganda kiwe kijiko chako. Mzigo ule wote kausukuma kutoka huko anakojua yeye kabla ya jua kutoka, na barabara yote aliyopita hakuna mita hata moja iliyotengwa kwa ajili yake. Mimi hili linaniuma. Tunaongea kuhusu baiskeli kama starehe ya Jumapili, na hata safu hii ni ya starehe, lakini kuna watu mji huu unakula na kunywa kwa baiskeli zao na bado wanasukumwa mtaroni na kila mwenye honi.

Mzee wangu, waambie wanao waje na wewe mara ya kwanza. Na ukipita Mnazi Mmoja uwaoneshe, kwa sababu najua wewe unafahamu kuliko mimi, kwamba ule uwazi haukuachwa kwa bahati mbaya, wakoloni waliuacha utenganishe Uzunguni na Uhindini upande mmoja, na kule kwetu Kariakoo upande wa pili. Kwa miguu huchukua muda, kwa gari huoni kitu, kwa baiskeli unatoka kwenye maghorofa ya Samora, unapita maduka na mahekalu ya Kisutu, unakatiza uwanja, unaingia Kariakoo, dakika kumi tu na umeiona ramani yao yote ilivyokuwa. Ukienda niandikie uliyokumbuka.

Naruhusiwa kupita na baiskeli kwenye njia ya mwendokasi? Jumapili iko tupu kabisa. (Kijana wa Magomeni)

Hapana mdogo wangu. Iko tupu mpaka basi litokee, na likitokea linakuja kasi, halina pa kukukwepa. Pale palipojengwa njia ya baiskeli pembeni mwa Morogoro Road tumia hiyo, najua kuna sehemu utakuta meza za biashara na bodaboda zimeegeshwa, shuka uzunguke upande tena. Dar ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, na hizo njia za watembea kwa miguu na za baiskeli zilikuwa sehemu ya sifa. Basi tuzidai ziwe wazi.

Nikitoka Posta kwenda ufukwe wa Coco kwa Daraja la Tanzanite naruka tu, kurudi nakufa. Baiskeli ina tatizo? Na cheni inashika kutu kila wiki. (Dada wa Upanga)

Baiskeli yako nzima, huo ni upepo. Umeandika mwezi wa saba, ni kusi hiyo, inavuma kutoka kusini mashariki, kwa hiyo ukienda Coco inakusukuma mgongoni na ukirudi mjini inakupiga kifuani, na pale juu ya daraja, zaidi ya kilomita moja juu ya maji bila mti wala ukuta, inakupata yote. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba hivi, mambo yanageuka, kwenda ndo kazi na kurudi ni raha. Wavuvi wanapanga safari zao kwa upepo na sisi tupange hivyo hivyo, nusu ya kwanza ukiwa na nguvu pambana nao, nusu ya pili ukubebe. Msimu huu basi panga kulala kwa ndugu yako wa Masaki uanzie Coco, au kama huna, punguza gia na ukubali kwenda polepole. Na angalia chini ukiwa darajani, maji yakipwa tope na mikoko ya Msimbazi inaonekana na ndege wengi sana.

Kutu ni chumvi ya bahari. Ukirudi tu, kabla hujaoga, futa cheni kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta kila pingili, zungusha pedeli kinyumenyume, halafu futa tena yale yaliyobaki juu maana mafuta mengi yanakamata mchanga. Dakika tano. Usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda.

Asalaam aleikum dada. Mimi navaa baibui. Napenda sana baiskeli, nilijifunza kwa kaka zangu utotoni nikaacha nilipoolewa. Mume wangu hana neno, mimi ndo naogopa macho ya watu na nguo kunaswa. Wapo wanawake wanaoendesha wakiwa wamejisitiri? (Mama wa watoto wawili, Ilala)

Waaleikum salaam dada yangu. Wapo, na mmoja wao ni shoga yangu ambaye tunazunguka naye kila Jumapili nyingine.

Yeye anatumia baiskeli ya kike, ile yenye bomba la chini, anapanda bila kunyanyua mguu juu, na ina kava la cheni linalofunika mbele na juu. Alikuwa na ya gia isiyo na kava, baibui likanaswa mara moja tu, akauza. Gurudumu la nyuma nalo fundi alimfungia wavu pande zote mbili juu ya njiti, wavu wa kawaida tu wa plastiki na waya mwembamba. Ndani anavaa suruali pana, juu baibui lisiloburuta ambalo ameshonea vifungo viwili vya kubana kwenye kifundo cha mguu, mtandio anauchomeka pini mbili asiwe na ncha inayopepea. Tumeshapita hivyo Kivukoni kwenye upepo wa kusi na hakikunaswa kitu.

Macho ya watu yapo, siwezi kukudanganya. Wiki ya kwanza walimtazama, kijana mmoja pale Feri akasema neno, mama mmoja muuza samaki akamjibu kwa niaba yetu na hatukuhitaji kuongeza. Sasa hivi akipita wanamuuliza mbona wiki iliyopita hakuja. Anza na mtaa wenu saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajaamka wengi, mizunguko miwili mitatu mpaka mwili ukumbuke, mguu ukikumbuka hofu ya kuanguka inaondoka yenyewe. Kisha mchukue kaka yako mmoja aliyekufundisha, mje naye Mnara wa Saa.